Moto na Karatasi: Juu ya Kuwachagulia Watu Vitabu kwa Nyota Zao

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alinirudishia kitabu nilichompa. Hakukibeza. Aliingia chumbani ninamosahihishia kazi za wanafunzi, akanisalimu, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili, kisha akasema: "Baba, samahani. Hiki hakinifai. Mimi ni Nge."

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, nakala kuukuu yenye jalada lililobandikwa upya kwa karatasi ya kaki, ambayo nimeishi nayo tangu mwaka 1996. Nilidhani ananitania. Akanionyesha simu yake. Ilikuwapo orodha ya nyota 12, na chini ya kila nyota vitabu vitano. Waliozaliwa katika nyota ya Kaa walipangiwa hadithi za familia. Mizani wakapewa mapenzi. Mbuzi wakapewa maisha ya watu waliofanikiwa kwa juhudi. Na Nge, ambao binti yangu aliyezaliwa Novemba amejihesabu miongoni mwao, wakapewa siri, kisasi na mauaji. Hakikuwapo hata kitabu kimoja cha Kiswahili katika orodha ile, lakini hilo ni kilio cha siku nyingine.

Niliichukua simu nikamwambia, "Ngoja nikusomee sifa za nyota yako." Nikasoma: mtu anayependa sana lakini huficha, anayesamehe lakini hasahau, anayeonekana mgumu kwa nje ilhali ndani ni laini. Akaitikia kwa kichwa kila sentensi. "Ndiye mimi huyo, Baba." Nilikuwa nimemsomea sifa za Kaa.

Tulicheka sote wawili. Usiku ule, hata hivyo, sikupata usingizi, na sababu haikuwa binti yangu. Sababu ilikuwa dada yangu, na karatasi moja iliyoandikwa Pangani miaka zaidi ya thelathini iliyopita.

Nianze na yaliyo mepesi. Mchezo niliomfanyia binti yangu si ubunifu wangu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia ya kila mmoja wao, akidai yametokana na jaribio walilokuwa wamelifanya. Akawataka wapime kwa alama, kuanzia 0 hadi 5, jinsi maelezo hayo yanavyowaelekea. Wastani ulikuwa 4.26. Ndipo akawafunulia kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, na kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo aliiokota katika kitabu cha unajimu kilichouzwa kibandani. Wasomi wa chuo kikuu, kila mmoja peke yake, walijiona ndani ya kioo kimoja.

Wala kioo hicho si cha kale kama tunavyodhani. Mgawanyo wa njia ya jua katika sehemu 12 ni urithi wa Wababeli. Wagiriki waliupokea, na katika karne ya 2 Ptolemy wa Iskandaria akauandikia kitabu. Wanazuoni wa Baghdad wakautafsiri na kuukuza, na mnajimu mashuhuri kati yao, Abu Ma'shar wa Balkh, aliishi katika karne ya 9. Lakini desturi ya kumtazama mtu kwa tarehe yake ya kuzaliwa tu, kisha kumwandikia safu gazetini, haijatimiza miaka mia. Ilishika kasi Uingereza baada ya Agosti 1930, pale R. H. Naylor alipoandika katika Sunday Express juu ya nyota ya Margaret, mjukuu wa mfalme aliyekuwa ndiyo kwanza amezaliwa. Kwetu Tanzania, marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, ndiye aliyezifanya nyota ziwe mazungumzo ya kila nyumba. Wengi wetu wa umri wangu tunajua sisi ni Ndoo au Mashuke kwa sababu yake, hata tukiwa hatuamini neno.

Tena anga lenyewe limekwishahama. Mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, na kwa sababu hiyo jua halisimami tena mbele ya makundi ya nyota lililosimama mbele yake wakati tarehe zile zilipopangwa. Mtu anayeambiwa leo kwamba ni Punda kwa kuwa alizaliwa katikati ya Aprili, kwa hakika alizaliwa jua likiwa mbele ya Samaki. Na huyo Punda wa magazetini, kwa asili yake ya Kiarabu, Hamali, ni kondoo.

Nichukue tarehe moja tu: 13 Aprili. Siku hiyo mwaka 1922 alizaliwa Julius Nyerere kule Butiama. Siku hiyo hiyo mwaka 1944 alizaliwa Kezilahabi kule Ukerewe. Wote wawili watoto wa ukanda wa Ziwa Viktoria, wote wawili waandishi wa Kiswahili, wote wawili wa nyota moja hadi tarehe. Mmoja aliwaita wananchi katika vijiji vya ujamaa kwa imani kamili. Mwingine, mwaka 1979, akaandika Gamba la Nyoka, akatuonyesha vijiji hivyo vilivyoonekana kwa macho ya waliohamishwa. Mwalimu aliandika akiwa na uhakika kwamba mwanadamu anaweza kupangwa akawa bora. Kezilahabi aliandika akiwa na shaka kama maisha yenyewe yana maana. Orodha ya binti yangu ingewapa vitabu vitano vile vile.

Najua atakayenijibu kwamba Samuel Beckett naye alizaliwa 13 Aprili, mwaka 1906, na kwamba kiza cha Beckett na kiza cha Kichwamaji ni ndugu. Jibu zuri. Lakini mtu huyo amemchagua Beckett akamwacha Mwalimu, na hivyo ndivyo unajimu unavyoishi: kwa kuyaokota yanayokubali na kuyapita yanayokataa.

Hadi hapa, ndugu msomaji, ningeweza kuhitimisha makala nikajipongeza. Ni rahisi kwa mtu mwenye shahada ya uzamivu kuwacheka wanaotazama nyota. Lakini mimi ni mtu niliyesomeshwa na nyota, na deni hilo sijawahi kulisimulia hadharani.

Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi. Katikati ya mwaka 1993 alianguka kutoka kwenye chombo alichokuwa akikikalafati, akavunjika nyonga, na fedha za nyumbani zikaanguka pamoja naye. Dada yangu Zainabu alikuwa anamaliza kidato cha pili. Mimi nilikuwa namaliza darasa la saba. Ilipofika Desemba ilikuwa wazi kwamba ada ya watoto wawili haipatikani. Dada alinizidi kwa kila kitu cha shule. Nilipokuwa darasa la nne ndiye aliyenifundisha kugawanya, na hata leo nikigawanya namba kubwa naisikia sauti yake ikihesabu.

Baba hakutaka kuamua. Alikwenda kwa mwalimu mmoja wa mtaani, mtu mpole na mwenye heshima, ambaye watu walimwendea kabla ya safari, ndoa na ujenzi. Namna yake haikuwa ile ya tarehe za magazeti. Ilikuwa namna ya kale ya mwambao: hesabu ya abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1000. Unajumlisha herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, unaondoa 12, unaondoa tena 12, mpaka ibaki namba isiyoondoleka. Namba hiyo ndiyo nyota. Ikiwa haibaki kitu, nyota ni ya 12, yaani Samaki. Kisha nyota hizo hugawanywa katika tabia nne: moto, udongo, upepo na maji.

Mama yetu aliitwa Amina. Mwalimu aliandika jina hilo kwa herufi nne, akapata 96. Jina la Zainabu ni 69. Jumla 165, ukitoa 12 mara kumi na tatu inabaki 9. Nyota ya tisa ni Mshale, na Mshale ni moto. Jina langu, Ali, ni 110. Ukijumlisha na 96 unapata 206, inabaki 2. Nyota ya pili ni Ng'ombe, na Ng'ombe ni udongo.

Nilikuwapo. Nilikaa juu ya mkeka kando ya baba, ambaye alikuwa ameegemezwa mito miwili. Dada alikuwa mlangoni. Mwalimu alisema, bila ukali wowote, kwamba udongo hupokea kila kinachopandwa ndani yake, kwa hiyo kijana asomeshwe. Kuhusu binti alisema moto na karatasi havikai nyumba moja. Vitabu vitamchosha, navyo vitaharibika mikononi mwake. Nyota yake ni ya biashara na ya jiko. Baba akasema alhamdulillahi.

Dada hakulia mbele yetu. Alikwenda uani, akafua sare zake za shule, akazianika kama siku zote. Zilipokauka akazikunja akampa jirani aliyekuwa na binti. Daftari zake zilizobaki na kurasa tupu alinipa mimi. Nilianza kidato cha kwanza Januari 1994 nikiandika katika daftari ambazo kurasa zake za mwanzo zilikuwa na mwandiko wake.

Nitasema na hili, kwa kuwa bila hili kisa changu kingekuwa cha uongo: nilifurahi. Nilijua kwamba aliyestahili ni yeye, na nilifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nyota ilikuwa imesema ni mimi.

Miaka mingi baadaye mama alifariki, na katika kugawana vitu vyake nikaupata msahafu wa babu yangu mzaa mama. Katika ukurasa wake wa mwanzo babu alikuwa ameandika kuzaliwa kwa watoto wake. Nikalitafuta jina la mama. Liliandikwa kwa herufi tano. Kulikuwa na herufi ya yee katikati.

Wasomaji wanaojua Kiarabu wamekwishaelewa. Kuna Amina, jina la mama yake Mtume, linaloandikwa bila yee. Na kuna Amina, mwanamke mwaminifu, linalotokana na amini, lenye yee. Katika Kiswahili yote mawili hutamkwa sawasawa. Mama yetu alikuwa yule wa pili. Yee thamani yake ni 10. Jina lake halikuwa 96, lilikuwa 106.

Nilikaa palepale sakafuni nikahesabu kwa penseli. Zainabu 69 na 106 ni 175; inabaki 7. Si Mshale. Ni Mizani, na Mizani ni upepo. Hakuna moto wala karatasi inayoungua. Ali 110 na 106 ni 216, haibaki kitu. Mimi si Ng'ombe wa udongo mpokezi. Mimi ni Samaki. Herufi moja, ambayo mwandishi aliyechoka huiandika kwa mkunjo mmoja wa kalamu, ndiyo iliyokaa kati yangu na dada yangu.

Kwa siku kadhaa nilimkasirikia mwalimu yule, ambaye naye alikuwa amekwishafariki. Baadaye hasira ikahama. Nilijiuliza: kama angeandika yee, kama dada angetokea Mizani na mimi Samaki, je, dada angesoma? Nilijaribu kuisikia sauti ya mwalimu, na niliisikia vizuri sana. Angesema upepo hautulii darasani. Angesema samaki anajua kuvuka bahari, kwa hiyo kijana asomeshwe avuke. Kila nyota ingekuwa na maelezo yake, na maelezo yote yangefika nilipofika. Uamuzi ulikwishapitishwa na nyumba, na mtaa, na nyakati zile: mvulana kwanza. Nyota zilikuwa kinywa tu. Baba, ambaye alimpenda binti yake, alihitaji kinywa kisichokuwa chake.

Katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, Kasio anamweleza Bruto kwamba unyonge wao haukutoka kwenye nyota bali kwao wenyewe. Wanafunzi wangu hupenda sana maneno yale. Huwa nawakumbusha kwamba katika mchezo huo huo yumo mtabiri anayemwonya Kaizari juu ya siku ya kifo chake, na utabiri wake unatimia. Mwandishi hakumpa ushindi mmoja wao. Lakini Kasio anasema jambo ambalo kila mtawaliwa anapaswa kulisikia: kabla ya kuuliza nyota inasema nini, uliza ni nani anayeisemea.

Theodor Adorno aliliona hilo mapema. Miaka ya 1952 na 1953, akiwa Marekani, alisoma kwa makini safu ya nyota ya gazeti la Los Angeles Times. Alichokiona ni kwamba safu ile haikusema sana juu ya mbingu. Ilisema juu ya ofisi: mtii mkubwa wako, tuliza hasira, fanya kazi asubuhi na ujiburudishe jioni. Nyota ziliwaambia watu wakae walipokuwa wamekwishawekwa.

Sitaki nieleweke kwamba nazidharau nyota au wazee wetu waliozisoma. Mkulima aliyesubiri kilimia ndipo apande, akijua kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, alikuwa mtu wa elimu. Nahodha aliyeshika njia ya kurudi Pemba usiku kwa kutazama juu alikuwa mtu wa elimu. Tofauti ni hii: nyota zile zilimwambia mtu habari za mvua na habari za njia. Hazikumwambia yeye ni nani, wala hazikumfungia mlango.

Narudi kwa binti yangu, kwa maana yeye hakufungiwa mlango na mtu. Orodha ameitafuta mwenyewe, kwa hiari yake, na anaona raha nayo. Kuna ubaya gani?

Niwe mkweli: kuna wema ndani yake. Anayeingia maktaba kwa mara ya kwanza akakuta rafu ishirini huingiwa na woga. Orodha inayomwambia "hiki ni chako" inamshika mkono. Mhindi S. R. Ranganathan, mkutubi aliyeziandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931, aliamini kabisa kwamba kila msomaji ana kitabu chake mahali fulani, na kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha. Orodha ya nyota inaahidi kazi hiyo hiyo. Lakini mkutubi mzuri hukuuliza: umesoma nini mara ya mwisho? Kilikuchosha wapi? Unataka kucheka au kulia? Kisha anakutazama usoni wakati unajibu. Orodha inauliza tarehe tu.

Na ipo hatari nyingine, ambayo ni kubwa zaidi kwa sababu ni tamu. Kitabu kilichochaguliwa kwa kufuata sifa zako huahidi kukupa wewe mwenyewe. Wewe ni msiri, soma siri. Wewe ni mpole, soma upole. Mtoto anayelishwa hivyo kwa miaka kumi atakuwa amesoma sana bila kukutana na mtu. Nami katika maisha yangu yote sikumbuki kitabu kilichonibadilisha ambacho kilinifaa siku nilipokishika. Kufikirika kilinichosha. Kichwamaji kilinitia hofu, nikakiacha mara mbili. Nagona sikukielewa hata kidogo, na kutokukielewa kule ndiko kulikonipeleka chuo kikuu.

Wala tusidhani kwamba ni wasichana wenye simu tu wanaofanya hivi. Sisi walimu tunazo nyota zetu. Tunamtazama mwanafunzi kwa alama za mtihani mmoja tukampangia tahasusi, kisha tunasema huyu ni wa sayansi, hataki riwaya. Huyu ni wa sanaa, usimpe hesabu. Wachapishaji wanazo nyota zao: hiki cha wasichana, hiki cha vijijini. Rosa Mistika chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuwa wakubwa waliamua hakiwafai vijana, yaani wale wale waliosimuliwa ndani yake. Na simu tulizonazo hutukadiria kila siku kwa yale tuliyoyabonyeza jana, zikatuletea jana nyingine. Hesabu ni tofauti na ile ya abjadi, ila hukumu inafanana: wewe ni wa aina hii, na haya ndiyo yako.

Sikumwambia binti yangu lolote kati ya haya. Nilimwambia, "Jumamosi twende kwa shangazi yako."

Dada anaishi Bweni, ng'ambo ya mto, tukavuka kwa kivuko. Ana duka la vyakula na watoto wanne, na wote wanne amewasomesha. Tulimkuta nyuma ya mizani anapima mchele. Tulipokwisha kula nilikitoa kitabu mkobani nikakiweka juu ya mkeka. Nilitaka kumweleza kwa nini nimekuja. Sikuhitaji. Alikigeuza, akaona ile karatasi ya kaki, akatabasamu.

"Hili jalada nilibandika mimi," alisema.

Sikuwa najua. Nilikinunua kitabu kile Tanga mjini kwa muuza vitabu vya mitumba nikiwa kidato cha tatu, nikaja nacho likizo, na siku zote nilidhani mama ndiye aliyekibandika.

Binti yangu akamuuliza: "Kwani shangazi, wewe nyota yako ni ipi?"

"Mimi? Niliambiwa ni moto, mwanangu."

Akamsimulia. Si habari za baba, wala za mwalimu. Hizo alizipita kwa sentensi mbili. Alisimulia jinsi alivyokuwa akisubiri nilale, kisha anakichukua kitabu mkobani mwangu na kwenda kusoma jikoni kwa kibatari. Likizo nzima. Kila usiku kurasa chache, kisha anakirudisha kama alivyokikuta. Na jambo hili moja, ambalo kwa miaka yote hakuwahi kuniambia:

"Nilikuwa nakishika mbali. Mkono umenyooka hivi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na bado niliogopa kitawaka. Niliamini, mwanangu. Nilijua ni upuuzi, na niliamini. Usiku mmoja upepo ukapiga, ule moto wa kibatari ukaruka ukala pembe ya jalada. Nililia! Nikasema, basi, ni kweli. Asubuhi nikaona karatasi ni karatasi, huungua kwa mtu yeyote. Nikabandika nyingine, nikaendelea."

Binti yangu alianza kucheka, kisha akaacha.

Nilimweleza dada habari ya yee. Nilikuwa nimeibeba miaka yote hii nikiogopa kumtonesha. Alinisikiliza hadi mwisho, akahesabu mwenyewe kichwani, haraka kuliko mimi na penseli yangu. "Mizani," alisema, akatazama kule dukani kwake, akacheka. Kisha akasema jambo ambalo nalirejesha hapa bila kulipamba: "Hata ningekuwa Ng'ombe, Ali, wangekupeleka wewe." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja bei.

Nilimuuliza anataka nimletee kitabu gani nikija tena. Nilitarajia ataje jina. Akafikiri, akasema nimletee kimoja ambacho mimi mwenyewe sikukipenda. "Ulivyovipenda nimekwishavisoma vyote."

Wakati wa kurudi, kivukoni, binti yangu alikuwa amekifungua kitabu. Alisoma kwenye basi hadi giza likamzuia. Sasa amefika mbali, na amemkasirikia sana Zakaria, baba yake Rosa. Jana wakati wa chakula aliniuliza kwa nini wanaume wa zamani waliwafanyia hivyo mabinti zao, kisha akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Orodha ya nyota bado anayo kwenye simu yake. Sikumwomba aifute. Nimemwomba tu kwamba kila akisoma kitabu kimoja cha Nge, achague kingine kutoka nyota nyingine yoyote, na ikiwezekana ile ambayo haielewi kabisa. Amekubali kwa sharti moja: kwamba nami nifanye hivyo hivyo. Kwa hiyo nawaandikia nikiwa na kitabu cha mapenzi kando yangu, cha watu wa Mizani, ambacho kwa hiari yangu nisingekigusa. Nimefika ukurasa wa arobaini. Bado hakinifai, naendelea.